Neno Lililotoka Bawani Likaingia Motoni

Novemba 1, 1775, katika kijiji cha Selborne kusini mwa Uingereza, kasisi Gilbert White aliandika barua kuhusu taa ya maskini. White alikuwa mtu wa kutazama vitu vidogo kwa subira. Aliwafuatilia mbayuwayu, aliandika habari za kobe wa bustanini mwaka baada ya mwaka, na safari hii macho yake yalikuwa kwenye unyasi wa kinamasini. Wanakijiji waliukata unyasi huo wakati wa kiangazi, wakaumenya ganda na kuacha ukanda mmoja mwembamba wa kushikilia moyo wake ulio laini kama sponji, wakauanika, kisha wakauchovya katika mafuta yaliyoenguliwa kwenye sufuria ya nyama ya nguruwe. Ukishakauka, unawashwa ncha moja, na taa imepatikana.

White alipenda hesabu. Unyasi mmoja mzuri, wenye urefu wa sentimita 72 hivi, ulipimwa kwa saa ukawaka dakika 57. Akakokotoa kwamba robo peni ingeipatia familia maskini saa tano na nusu za mwanga. Hilo halikuwa jambo dogo, kwa sababu mishumaa ilitozwa kodi nchini Uingereza tangu 1709, na kodi hiyo haikufutwa hadi 1831. Unyasi uliochovywa nyumbani ulimpita mtoza kodi salama.

Barua yake inaeleza jinsi ya kuvuna, kumenya, kuchovya na kupiga gharama. Mwanga wenyewe aliuona wa kuridhisha. Aliyewahi kusoma kwa koroboi anaujua mwanga wa namna hiyo: ulimi mdogo wa moto usio na chimni, mlango ukifunguliwa unalala upande mmoja, unainuka tena, na vivuli vya watu vinarefuka na kufupika ukutani. White hakushughulika na hilo. Usiku wa karne ya 18 mioto yote ya nyumbani ilicheza, ya tajiri na ya maskini, na jambo lililo la kawaida kiasi hicho ni nadra kulalamikiwa.

Kiingereza cha leo kina neno linalotumika sana kwa mwanga wa aina hiyo, mwanga unaopungua na kuzidi upesi upesi kama unaotaka kuzimika kisha ukaghairi. Neno lenyewe ni flicker. Historia yake ni ndefu kuliko maisha ya White kwa karne nyingi, na ndani yake mna jambo la kushangaza kidogo: muda wote ambao Waingereza waliishi kwa mwanga wa kuyumba, neno hilo halikuwa hasa la mwanga. Lilikuwa la ndege.

Ndege usoni pa mtakatifu

Kuelekea mwisho wa karne ya 10, mtawa aitwaye Ælfric alikuwa akiandika mahubiri katika monasteri ya Cerne, kusini-magharibi mwa Uingereza. Aliyaandika kwa lugha ya watu wa kawaida, ile ambayo leo wataalamu huiita Kiingereza cha Kale, ili hata asiyejua Kilatini apate kuelewa maisha ya watakatifu. Moja ya mahubiri hayo linamhusu Benedikto, mtawa wa Italia wa karne ya 6. Siku moja, yasema hadithi, Benedikto akiwa peke yake alijiwa na ndege mdogo mweusi aliyempapatikia usoni, kwa ujasiri kiasi kwamba angeweza kumkamata kwa mkono kama angetaka. Mtakatifu akafanya ishara ya msalaba, ndege akaondoka.

Kitendo cha ndege yule Ælfric alikieleza kwa kitenzi flicorian. Hilo ndilo umbo la kale la neno letu. Katika kisa hicho hamna mshumaa wala moto unaohusika nalo. Kuna mabawa tu, yanayopiga hewa upesi na kwa wepesi, mahali pamoja, bila ndege kwenda mbali.

Tulitazame umbo lenyewe, maana lina siri yake. Kiswahili kikitaka kuonyesha kwamba kitendo kinatokea tena na tena, kidogo kidogo, mara nyingi hurudia neno: mtu anachekacheka, nyota inametameta, mtoto anarukaruka. Kiingereza tangu zamani kilikuwa na njia nyingine. Kilibandika mkia mfupi mwishoni mwa kitenzi, ule unaoandikwa leo kwa herufi e na r, na mkia huo ukabeba kazi ya kurudia. Ndiyo maana maneno mengi ya Kiingereza yanayohusu miondoko midogo inayojirudia, au milio ya namna hiyo, yana mwisho unaofanana: flutter kwa mabawa, patter kwa matone ya mvua juu ya bati, stutter kwa kigugumizi, glimmer na glitter kwa vitu vinavyometa. Flicker ni ndugu wa ukoo huo. Ukilitamka polepole utasikia mwanzo wake mwepesi wa pumzi, kisha kituo kifupi kooni, kisha mkia wa kurudia. Wanaisimu wengi huona kwamba lilizaliwa kwa kuigiza mwondoko wenyewe.

Lugha jirani zina maneno ya ukoo uleule. Mholanzi ana flikkeren kwa mwanga unaometameta. Mjerumani ana flackern kwa moto unaoyumba. Watu wa kaskazini waliozungumza Kinorse cha Kale nao walikuwa na kitenzi cha karibu kwa kupapatika.

Maneno ya moto wenyewe yaliwafikia Waingereza kwa njia nyingine. Jina lao la mshumaa, candle, lilitoka katika Kilatini candela, nalo liliingia mapema sana, katika enzi ambayo Ukristo na altare zake zilikuwa zikienea kisiwani. Jina lao la ulimi wa moto, flame, lilikuja na Kifaransa baada ya Wanormandi kuiteka nchi mwaka 1066. Kwa hiyo ingawa flame na flicker yanaanza kwa sauti moja na leo yanatembea pamoja kama mtu na mkewe, hayana undugu wa damu. Ndoa yao ilikuja baadaye, na historia ya neno letu ni kwa sehemu kubwa historia ya ndoa hiyo.

Bawa, kope na moto

Miaka mia nne hivi baada ya Ælfric, flicker lilikuwa bado liko angani. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400 akiwa hajakamilisha Hadithi za Canterbury, alilitumia katika hadithi ya vita na mapenzi iliyowekwa kinywani mwa askari farasi. Anaeleza hekalu la Venus, mungu wa kike wa mapenzi: sanamu yake inaelea baharini, na juu ya kichwa chake njiwa wanapiga mabawa. Kitenzi cha njiwa hao ni flicker. Katika karne hizo neno lilipata pia maana ya pembeni, ya kubembeleza na kuchombeza, na si vigumu kuona lilivyofika huko. Aliyewahi kumtazama njiwa dume akimzunguka jike anajua kwamba kupiga bawa na kubembeleza havitengani.

Kisha tunaona dalili ya safari mpya. Tamthilia ya Shakespeare ya King Lear ilichezwa mbele ya mfalme wa Uingereza Desemba 1606 na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1608. Ndani yake yumo Kent, bwana mkubwa aliyejigeuza mtumishi. Anapokemewa kwa ulimi wake mkali, anaamua kuwadhihaki wakubwa kwa kuwasemesha lugha ya kujipendekeza iliyopitiliza, na katika maneno hayo anataja taji la moto kwenye paji la uso linaloyumbayumba la mungu wa jua. Chapa ya 1608 na ile ya 1623 zinatofautiana katika tahajia ya neno lenyewe, na wahariri wa baadaye ndio waliolisawazisha likawa flickering. Bawa limeanza kushika moto. Hata hivyo, tukumbuke kwamba Kent anatania. Neno limewekwa katika kinywa cha mtu anayetafuta maneno ya ajabu makusudi.

Kwa nini bawa liishie kwenye moto? Msomaji wa Kiswahili ana jibu nyumbani kwake. Tunalo shina letu la pepea, na tazama lilivyosambaa. Upepo huvuma, bendera hupepea, mdudu mwenye mabawa ya rangi huitwa kipepeo, mpishi hupepea jiko la mkaa. Mlevi hupepesuka njiani, mtu hupepesa macho, na taa inayoishiwa mafuta hupepesa. Hewa, bawa, kope na mwanga vyote vimekaa katika shina moja, na hakuna aliyetufundisha kwamba vinafanana. Wapo pia wanaosema taa inasinzia, na hapo taa imepewa kope kabisa. Kiingereza nacho hulitumia flicker kwa kope: mtu asiyeonyesha hofu husemwa kwamba kope zake hazikupepesa hata kidogo. Lugha mbili zisizo na ukoo, zilizolelewa mbali, zimetazama mambo matatu yaleyale zikaona mwondoko mmoja.

Kamusi zilizosita

Kwa kuwa Shakespeare ameshalitumia neno kwa moto, mtu angetarajia kwamba baada ya hapo kila mwandishi angefuata. Haikuwa hivyo. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza jijini London, kazi iliyomchukua miaka mingi. Alipofika kwenye flicker, alilieleza kwa mabawa: kupapatika, kuchezesha bawa. Mfano wake aliuchukua kutoka kwa mshairi Dryden, nao unahusu ndege aliye juu ya kiota chake alfajiri.

Miaka 73 baadaye, mwaka 1828, Noah Webster alichapisha kamusi yake Marekani. Maana ya kwanza aliyoitoa ilikuwa kupiga mabawa bila kuruka. Taifa jipya, bara jingine, lakini ndege bado ni yuleyule.

Kumbe hata White, alipokuwa akiandika kuhusu unyasi wake mwaka 1775, aliishi katika Kiingereza ambacho neno hili lilikuwa la ndege kuliko la taa. Maana ya mwanga ilikuwepo tangu enzi ya Shakespeare, ila ilikuwa kama mgeni anayekaa ukingoni mwa mkeka. Ilienea katika karne ya 19. Jina la kitu, yaani flicker kama mwanga wenyewe unaoyumba, linaonekana katika maandishi mwaka 1849.

Kati ya kamusi ya Johnson na mwaka huo wa 1849, ni kitu gani kilichokuwa kimebadilika? Kilichobadilika ni taa.

Mwanga unapotulia

Mwaka 1780 hivi Ami Argand, mzaliwa wa Geneva, alibuni taa ya mafuta yenye utambi wa mviringo ulio wazi katikati. Hewa ilipita ndani na nje ya utambi, na juu yake likawekwa bomba la kioo la kuvuta moshi na kuzuia upepo. Moto wake ulikuwa mweupe kuliko wa mshumaa, ulizidi mishumaa kadhaa kwa nguvu, na ulisimama wima. Chimni ya taa zetu za mafuta ni mjukuu wa bomba hilo.

Mshumaa nao ulikuwa ukibadilika. Ule wa zamani, wa mafuta ya ng'ombe au kondoo, ulikuwa kazi ya kudumu. Utambi wake wa pamba iliyosokotwa ulirefuka ndani ya moto, ukafanya kichwa cheusi, ukatoa moshi, na mtu alilazimika kuinuka kila baada ya muda mfupi kuukata kwa mkasi maalumu. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Cambacérès alisuka utambi kama nywele. Utambi wa kusukwa unajipinda unapoungua, ncha yake inatoka nje ya moto na kuteketea yenyewe. Wakati huohuo Wafaransa wengine, Chevreul na Gay-Lussac, walitenga kutoka katika mafuta ya wanyama kitu kigumu cha kutengenezea mishumaa isiyotoa harufu wala moshi mwingi. Mkasi wa utambi ukaanza kukosa kazi.

Kisha ikaja gesi. Mwaka 1807 mtaa wa Pall Mall, London, uliwashwa taa za gesi ya makaa ya mawe, na mwaka 1812 kampuni ya kwanza ya kusambaza gesi jijini humo ilipewa hati ya kifalme. Gesi ilipitishwa mabombani hadi kwenye kinywa cha chuma, na umbo la kinywa hicho liliamua umbo la moto. Kinywa kimoja kilichopendwa kilikuwa na ufa mwembamba, nao moto ulitoka bapa na mpana. Waingereza waliuita bawa la popo. Neno letu lilipoanza kuhama kutoka bawani kwenda motoni, moto nao ulikuwa umevaa bawa.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema kuhusu historia hii. Watu walilihitaji sana neno la mwanga unaoyumba pale mwanga ulipoanza kutulia. Kabla ya hapo moto kuyumba ulikuwa ndio moto wenyewe. Samaki hana neno la maji ya bahari. Mtu aliyezoea taa yenye chimni, akiingia chumba chenye mshumaa, ndiye anayeona vivuli vikicheza. Aliyezoea gesi iliyotulia ndiye anayeshtuka matone ya maji yanapoingia bombani na moto ukaanza kurukaruka. Neno hili lisingeweza kupata nguvu kabla kuyumba hakujawa jambo la tofauti.

Katikati ya karne hiyo hata sayansi iliketi mbele ya mshumaa. Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyekuja kuwa mwanasayansi mkubwa wa umeme, aliwahutubia vijana wakati wa Krismasi katika Taasisi ya Kifalme, London. Mihadhara yake kuhusu mshumaa ya majira ya baridi ya 1860 na 1861 ilichapishwa kitabu. Aliwaonyesha vijana kwamba moto hupanda kwa sababu hewa iliyopata joto huwa nyepesi ikakimbilia juu, na hewa baridi huingia chini kuziba pengo. Mkondo huo ndio unaouchonga ulimi wa moto, na mkondo ukisumbuliwa, ulimi hutikisika. Moto unapoyumba, kinachoyumba hasa ni hewa. Waliolifunga neno la upepo na neno la mwanga katika shina moja hawakukosea.

Wakati moto ukilichukua neno upande mmoja wa bahari, ndege walilichukua tena upande mwingine. Kutoka mwaka 1808 tunaliona Marekani likiwa jina la kigogota mmoja, yaani ndege wa kugongagonga miti, ingawa huyu hupenda pia kushuka chini kula sisimizi. Wengine husema jina linaiga mlio wake, wengine kwamba linatokana na rangi zake zinazomulika anapofungua mabawa. Jimbo la Alabama lilimfanya ndege wake rasmi mwaka 1927, kwa jina jingine la kienyeji.

Kosa lililogeuka jina

Desemba 1824, daktari wa London aitwaye Peter Mark Roget aliwasilisha mbele ya Jumuiya ya Kifalme maelezo ya jambo dogo aliloliona. Gurudumu la gari likitazamwa kupitia mianya ya nguzo zilizosimama wima, spoku zake huonekana zimepinda. Roget alieleza kwamba jicho hubaki na alama ya kilichopita kwa muda mfupi, na alama hizo huungana. Huyu ndiye Roget ambaye mwaka 1852 alitoa kitabu mashuhuri cha kupanga maneno ya Kiingereza kwa maana zake badala ya alfabeti. Mtu mmoja alishughulika na spoku zinazopita upesi na pia na maneno yanayokaribiana.

Mbelgiji Joseph Plateau aliendelea na uchunguzi wa jicho, na mwaka 1832 alitengeneza kisahani chenye mianya na picha zilizochorwa ukingoni. Kikizungushwa mbele ya kioo, na mtu akachungulia mianyani, mchoro hucheza. Plateau alikuja kuwa kipofu kabisa. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba alama inayobaki jichoni haitoshi kueleza picha zinazotembea, na kwamba ubongo una sehemu kubwa ya kazi. Lakini njia ilikuwa imeshafunguliwa.

Desemba 28, 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao katika chumba cha chini cha mkahawa mmoja jijini Paris. Watu 33 walilipa faranga moja moja. Februari 1896 mtambo wao ulifika London. Ulikuwa na kucha ndogo iliyovuta mkanda, ikausimamisha, ikavuta tena, na wazo lake lilitokana na cherehani. Kila sekunde picha 16 hivi zilisimama mbele ya taa, na kila mkanda uliposogea, kizuizi kilifunika mwanga ili mtazamaji asione picha ikiteleza.

Tatizo likazaliwa hapohapo. Mwanga unaowaka na kufunikwa mara 16 kwa sekunde unapepesa vibaya. Macho yaliuma, vichwa viliuma. Dawa iliyopatikana mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ya ajabu: mafundi waliongeza kupepesa. Walitumia kizuizi chenye mapanga matatu kama ya feni, kikaukata mwanga mara tatu kwa kila picha. Mara 16 zikawa 48, na kwa kasi hiyo, katika ukumbi wenye giza, jicho huacha kuona kukatika likaona mwanga mmoja.

Hata hivyo jina lilikuwa limeshakamata. Watu wa mitaani, Uingereza na Marekani, waliziita filamu flickers, na kufikia 1926 neno limekatwa mkia likawa flick. Sisi tulichukua sinema, neno lenye asili ya Kigiriki linalohusu mwendo. Wao waliipa sanaa nzima jina la kasoro yake, na jina likabaki baada ya kasoro kuponywa. Filamu zilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ilipanda hadi picha 24 kwa sekunde, na kila moja ikamulikwa mara mbili. Ni 48 tena.

Umeme nao ulipitia njia hiyo. Mitambo ya maporomoko ya Niagara, iliyoanza kazi mwaka 1895, ilitoa umeme unaogeuka mara 25 kwa sekunde, na taa zilizotumia umeme huo zilipepesa kwa kuonekana. Umeme wa Tanzania na Kenya hugeuka mara 50, na kwa kuwa nguvu hufika kileleni mara mbili katika kila mzunguko, taa hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Elekeza kamera ya simu kwenye taa ya bei rahisi, na mara nyingi mistari itapita kwenye kioo cha simu. Taa haijaacha kupepesa. Imetuzidi kasi tu.

Katika karne ya 20 neno likawa la mafundi na la madaktari, jina la hitilafu inayopimwa na kuondolewa. Mwaka 1966 Mmarekani Tony Conrad alitengeneza filamu iitwayo The Flicker, isiyo na kitu baada ya maandishi ya mwanzo isipokuwa picha nyeupe na nyeusi zinazopishana, na akaitanguliza kwa onyo la kiafya. Onyo hilo halikuwa mchezo. Desemba 16, 1997, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon nchini Japani kilimulika rangi nyekundu na buluu zikipishana mara 12 hivi kwa sekunde, na mamia ya watoto wakapelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa na kifafa. Leo miongozo ya intaneti inataka ukurasa usimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde.

Intaneti yenyewe ililichukua neno mwaka 2004, tovuti ya kuhifadhia picha ilipoanzishwa Vancouver, Kanada, kwa jina Flickr. Herufi e iliachwa kwa sababu anwani yenye tahajia kamili ilikuwa na mwenyewe. Ule mkia wa kale wa kurudia, uliokuwepo tangu enzi ya Ælfric, ukapunguzwa hadi herufi moja, na neno likaendelea kusomeka.

Safari ya mwisho ya neno iko kwenye rafu za maduka. Baada ya miaka zaidi ya mia mbili ya kuutuliza mwanga, kwa kioo, kwa utambi wa kusukwa, kwa gesi, kwa mapanga matatu na kwa umeme, viwanda sasa vinatengeneza mishumaa ya plastiki isiyo na moto. Ndani yake mna taa ya LED, betri, na kisakiti kidogo ambacho kazi yake ni kuupandisha na kuushusha mwanga bila mpangilio ili vivuli vicheze ukutani. Watu huiweka juu ya meza za mikahawa na kwenye madirisha wakati wa Krismasi, na kwenye boksi lake huandikwa neno la ndege aliyempapatikia Benedikto. Kule Selborne mwaka 1775, saa tano na nusu za mwanga kama huo ziligharimu robo peni.